Damu ya Kulinganishia

"Zimeamka?" Atieno aliuliza, mikono bado imo kwenye karai la sabuni.

Apolinary alizidi kuinamia hadubini. Atieno alikuwa akiosha vioo vya maabara hiyo ya Mwanza tangu afiwe na mumewe, mwaka tisini na nne, na alishamzoea fundi huyu Mhaya asiyeishiwa maneno. Leo kimya, jamani!

Juzi fundi huyo ndiye aliyemwomba Atieno damu. Kila akipima damu za wagonjwa alihitaji na ya mzima, ya kulinganishia, na wafanyakazi walipokezana kunyoosha mkono. "Wewe si buheri wa afya? Hebu lete mkono," alimtania, na Atieno akacheka. Chembe nyeupe zikatiwa dawa ya kuziamsha. Zikiwa nzima, alimweleza, hunakili maandishi yake ya vinasaba, herufi kwa herufi, kisha kila moja huwa mbili. Zilizoingiliwa na kirusi hushindwa; kirusi kimeshika kalamu, kinanakilisha mambo yake.

Tangu hapo Atieno alikuwa akiziota. Zimeketi ukingoni mwa ziwa jeupe, zinaandika, zinaandika, na yeye anapita nyuma yake polepole asizishtue.

"Nionyeshe."

Atieno aliinama. Mwanga mtupu, na vidoti vichache vimejilalia.

"Hiki si kipimo chenyewe, dada." Apolinary alizima taa ya hadubini. "Labda nimekosea mimi. Upimwe vizuri kwanza."

"Mume wangu alikwisha hivi hivi tukimwangalia. Nitapima kesho. Leo Owiti amekuja."

Owiti alikuwa shemeji yake, ametoka Shirati kumrithi awe mkewe, kama wazee walivyoamua. Mtu mpole, na ukweli usemwe, Atieno alishampenda. Jioni alimkuta uani nyumbani kwake, Kiseke, kwenye benchi, anatia jembe la Atieno mpini mpya. Koti alishalitundika ndani. Kwa mila yao, koti la mrithi likilala nyumbani kwa mjane, basi, yamekwisha, ni mume na mke.

Atieno alilitoa, akamvika mwenyewe mabegani.

"Shemeji, damu yangu haiko sawa. Nahisi ni kile kilichomuua ndugu yako. Rudi Shirati, una mke, una watoto."

Owiti aliliweka jembe chini.

"Na wewe unabaki na nani?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Atieno. Owiti hakuondoka, wala hakuingia ndani. Alisogea kwenye benchi kumpisha Atieno, akalitandaza koti mabegani mwa wote wawili, wakakaa, mlango uko wazi nyuma yao.