Kura Yenye Vema Mbili

Eustace alishindwa udiwani mwaka wa tisini na tano, na pale kijijini Lukumbi hakupatikana mtu wa kumpa pole, maana mwenyewe hakuacha upenyo. Kabla hujafungua mdomo, yeye alishaanza kucheka. Alikuwa seremala, mtu mwenye maneno mengi kuliko misumari, na kushindwa kwake alikupiga randa mpaka kukawa hadithi laini ya kilabuni. Kila Jumapili baada ya misa watu walimnunulia pombe ili aisimulie tena.

Hadithi yenyewe ilihusu kura iliyoharibika. Jioni ya kuhesabu, katika chumba cha darasa la tatu, msimamizi alikunjua karatasi moja, akaitazama, akaigeuza, akaiinua ili mawakala na wagombea waione. Mwenye kura hiyo alikuwa ameweka alama ya vema kwa Eustace. Kisha, bila haraka wala kutetemeka, akaweka vema nyingine kwa Kobelo, mgombea wa chama kikongwe. Zote mbili zilikuwa nzuri, zimekaa ndani ya visanduku vyake kama mayai kwenye kiota. Eustace alicheka mpaka akalikalia dawati la watoto, nalo likavunjika, na kesho yake akalitengeneza bure.

"Huyu ndugu," ndivyo alivyomalizia kila mara, "alidhani anagawa sukari ya duka la ushirika. Nusu kwako, nusu kwa jirani, mtu asilalamike."

Hapo kilabu kizima kilianguka. Hata Kobelo, aliyeshinda, alikuwa akiinama kufuta machozi.

Kobelo alikuwa na haki ya kucheka kwa karibu hivyo, kwa kuwa alikuwa shemeji. Theresia, mke wa Eustace, alikuwa dada yake, tumbo moja. Na huko milimani ardhi haiandamani na mwanamume. Inakwenda kwa akina mama, ndani ya ukoo wao wanaouita lukolo. Eustace alitoka kwao Mgeta akiwa kijana, kaja na msumeno na sanduku, akajenga kwenye shamba la ukweni. Migomba aliyopanda ilisimama juu ya ardhi ya lukolo la mkewe. Watoto nao walikuwa wa lukolo hilo hilo, na mjomba wao Kobelo ndiye aliyekaa kiti cha mbele kwenye mashauri yao. Binti yao Diana alipochaguliwa kwenda sekondari ya Kilakala, baba alitengeneza sanduku, lakini mjomba ndiye aliyelibeba kichwani kushuka nalo mjini. Mwanamume wa namna ya Eustace huitwa mume wa kuja. Anapendwa, anakaribishwa, msibani anatafutwa wa kwanza kwa ajili ya jeneza. Ila hata akikaa mpaka mvi zimfunike, bado ni mtu aliyekuja.

Sasa chini ya kicheko chote kile mlikuwa na kitu kimoja, kidogo kama kibanzi kwenye kidole. Eustace alitaka kujua kama Theresia alimpa kura.

Hakuwahi kumuuliza. Kila alipolikaribia swali, ulimi ulikimbilia mzaha. Theresia alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye kujibu jambo baada ya kulikoroga kama uji, na utulivu ule Eustace aliusoma kama hukumu. Akajiwekea nadhiri kimya kimya: kama mke wangu alinivuka akaenda kwa kaka yake, basi mimi hapa ni mpangaji, na mpangaji hurudi kwao. Alishampelekea salamu mpwa wake Mgeta amfyekee mahali kwenye ardhi ya mama yake. Na karakanani, chini ya mbao nyingine, alikuwa ameanza mlango wa mvule kwa ajili ya nyumba hiyo. Theresia alipouliza ni wa nani, alijibu kwamba ni wa mteja mmoja wa Mgeta. Wala hakusema uongo sana.

Mwaka uliofuata, masika yalipokwisha, akapanda mlima mgeni. Jina lake Josephine, mhadhiri kijana kutoka chuo kikuu cha Morogoro mjini, mzaliwa wa Gairo, miguuni raba zilizokuwa nyeupe alipoanza safari. Alikuja kufanya utafiti: kwa nini watu walipiga kura walivyopiga, na hapa kijijini nani akisema anasikilizwa. Mwenyekiti wa kijiji alimpeleka kwa Eustace, kwani nyumba ya seremala haikosi kitanda. Na kwa kuwa Eustace alizijua njia zote na mbwa wote, akapewa na kazi ya kumsindikiza.

Walitembea nyumba kwa nyumba. Josephine aliwaamkia wazee kwa kupiga goti, akala magimbi aliyopewa, akacheka kila kilichochekesha. Bibi mmoja aliulizwa ni wa chama gani, akajibu bila wasiwasi kwamba yeye ni wa chama cha Bikira Maria cha parokiani, na hajawahi kulipa ada kwa kuchelewa. Mzee mwingine alieleza kwamba vyama vingi vimekuja pamoja na mitumba: mtu unajaribu, unajitazama, ukiona mabega yanabana unavua. Kila jioni mgeni aliwasimulia wenyeji wake alichoanza kukiona. Alisema mtu hudhani kura yake ni siri ndogo isiyofanana na ya mwingine, lakini zikikusanywa pamoja zinachora njia, kama njia za mbuzi mlimani. Hakuna mbuzi aliyezipanga, ila zinaonekana kutoka mbali. Na katika kata ile njia hazikufuata bendera. Zilifuata lukolo. Wanaume waliogombea ukweni walishindwa karibu kila mahali alikopita, hata waliopendwa.

Eustace alifarijika kidogo, kama mgonjwa aliyeambiwa kwamba homa yake wanayo wengi. Lakini kibanzi hakikutoka. Siku moja, wakishuka kutoka nyumba ya juu, akamwambia mgeni kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kabichi kwamba hata mkewe hajahojiwa bado. Kisha akaongeza kuwa, endapo atamhoji, si vibaya yeye mume akadokezwa neno moja tu.

Josephine alisimama njiani. "Baba," akasema, "nikikudokeza ya mama, itanibidi nimdokeze mama ya kwako. Uko tayari?"

Eustace akaukumbuka mlango wa mvule chini ya mbao. Akacheka, akasema wasomi wa siku hizi wameshakuwa wanasheria, akatangulia mbele kuwafukuza mbwa wasiokuwepo.

Mahojiano ya Theresia yalifanyika jikoni. Jiko lile lilisimama peke yake nyuma ya nyumba, na halikuwa na mlango. Mfinyanzi hulia gaeni: nusu ya milango ya kata ilitoka mikononi mwa Eustace, na mkewe alizuia kuku kwa kipande cha bati. Tangu Diana akiwa mgongoni alikuwa akiomba mlango, na kila mwaka palikuwa na mteja aliyetangulia.

Eustace aliburuta meza yake ya kazi mpaka karibu, akaanza kupiga randa. Randa ina kelele. Akiisukuma, hasikii kitu. Akiisimamisha, na sauti za ndani nazo zilisimama. Alisukuma mara chache, akatulia, akainamisha shingo kuelekea penye bati.

"Baba Diana," sauti ya Theresia ikatoka, tulivu kabisa, "randa imekufa?"

Akaisukuma tena kwa nguvu mpaka ubao ukabaki mwembamba, haufai hata kwa rafu. Wanawake wale wawili walikaa humo mpaka maharage yakaiva. Walipotoka, Josephine alikuwa na macho mekundu, na Theresia akaeleza kwamba kuni zilikuwa mbichi.

Jioni hiyo ilikuwa ya mwisho kwa mgeni, kwa hiyo alichinjiwa kuku. Eustace, ili kuifukuza huzuni ya kuagana, akatoa hadithi yake bora. Alikuwa hajamsimulia bado. Alikuwa ameiweka akiba. Akaieleza kwa madaha yote: msimamizi anavyogeuza karatasi, dawati linavyolia, sukari ya duka la ushirika inavyogawiwa. Akafika mwisho, akangoja.

Josephine hakucheka.

Msichana huyu aliyechekea hata kikohozi cha mbuzi alitazama tonge lake, akalirudisha sahanini. Akaomba chumvi. Theresia akamsogezea chumvi, akamwongezea na kipande cha paja, kisha akainuka kwenda kuchukua maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Asubuhi Eustace alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, mahali ambapo malori ya wanunuzi kutoka Dar husimama kupakia kabichi. Theresia aliagana naye uani, akaushika mkono wake muda mrefu kama wanavyoshikana watu waliozikiana. Lori lilipoondoka Eustace akaanza kupanda kurudi, na kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi aliitafakari hadithi yake bila kutafuta pa kuchekea.

Alijiuliza ni nani, katika kijiji kizima, angeweza kuziweka vema zile. Mlevi? Mlevi mkono wake unayumba, na alama zile zilikuwa zimetulia. Asiyejua kusoma? Asiyejua angeweka moja na kwenda zake, au asingeweka kabisa. Aliyeziweka alijua anachofanya. Alikuwa mtu mwenye sababu ya kumchagua Eustace, na sababu ya kumchagua Kobelo, na hakuna sababu iliyoweza kuikanyaga nyingine. Wajomba wa Kobelo hawakuwa na sababu ya kumtaka Eustace. Wanywaji wenzake Eustace hawakuwa na deni la damu kwa Kobelo. Akawapitisha watu kichwani mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, kama alivyopita na Josephine, mpaka akabaki na nyumba moja, na mbwa wa nyumba hiyo alikuwa wake.

Akakaa juu ya jiwe. Alikumbuka Jumapili zote zile, na jioni nyingine nyumbani, mbele ya wageni, mbele ya Kobelo, yeye akigawa sukari kwa mikono miwili na watu wakianguka. Na kila mara nyumbani alikuwapo mwanamke akipakua chakula, uso mtulivu kama kisima.

Alimkuta Theresia jikoni akichambua mboga. Akakisogeza kile kipande cha bati, akasimama kizingitini, na mizaha yote ikamkimbia.

"Mama Diana. Yule mtu wa vema mbili."

Theresia aliendelea kuchambua. "Mpumbavu wako," akasema. "Ndiye mimi."

Kisha akaeleza kwa utaratibu wake. Alipoingia kwenye kile kijumba cha kupigia kura, kalamu ilikwenda kwa mumewe yenyewe, haikungoja kuambiwa. Akaweka vema, akaona raha. Halafu akaliona jina la Kobelo limebaki tupu pembeni, akakumbuka sanduku la Diana juu ya kichwa chake, na mama yao marehemu alivyowaachia maneno ya kutoachana. Akaona haya, kana kwamba kaka yake amesimama pale akimtazama. Akaweka na kwake. Alipoitumbukiza karatasi alijua fika kwamba ameziua zote mbili.

"Wewe ulikuja ukaniambia nikuchague," akasema, "na Kobelo akaja akaniambia nimchague. Hakuna aliyeniuliza itakuwaje kwangu. Basi niliamua hivyo, nikarudi kupika. Jioni ukaja unacheka."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa unacheka vizuri," Theresia akasema. "Nilijua ukiacha kucheka utaondoka. Huo mlango wa mteja wa Mgeta, unadhani mimi sijui kipimo cha mabega yako?"

Eustace akaingia ndani. Akakaa chini sakafuni, akavuta ungo, akaanza kuchambua mboga. Alichambua vibaya, akitupa majani na kubakiza vijiti, na mkewe alivitoa vile vijiti kimoja kimoja.

Kesho yake aliutoa mlango wa mvule chini ya mbao. Ulikuwa mpana kuliko nafasi ya jiko, mlango wa nyumba ya mwanamume anayetaka kuonekana. Akaukata ubavuni kwa msumeno, akaupiga randa. Kobelo alipita kwenda kwenye kikao chake, akaitwa aushike wakati bawaba zikipigwa. Akauliza kama diwani sasa amekuwa kibarua. Eustace akamjibu kwamba shemeji hana cheo kingine, ashike vizuri. Kobelo akashika. Akadai hadithi ya vema mbili iwe ujira wake.

"Hiyo nimeiacha," Eustace akasema, akiwa na misumari mdomoni.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naisimulia kwa upande usio wake. Geuza huo mlango."

Kobelo alimtazama shemejiye, akamtazama dada yake aliyesimama pembeni amekunja mikono kifuani. Alikuwa mwanasiasa, alijua pa kuacha swali. Aliushika mlango mpaka msumari wa mwisho ukaingia, akachelewa kikao.

Jua lilipoanza kuegemea mlima wa pili, Theresia alifagia maranda, akaingia jikoni, akaujaribu mlango wake. Akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Kuku mmoja, mwenyeji wa zamani, alikuja mbio kwa mazoea akagonga mdomo kwenye mvule. Theresia akatoa kichwa nje, akamtazama mumewe aliyekuwa akikusanya zana, na kwenye pembe za macho yake mlikuwa na kicheko kilichongoja zamu yake kwa muda mrefu.

"Baba Diana," akasema, "sasa ukitaka kusikiliza ya wanawake, itabidi upige hodi."

Akaufunga. Eustace akaiweka randa chini, akajifuta vumbi usoni, akaenda mpaka mlangoni, akapiga hodi.