Kanali Aliyependwa Zaidi

Nilikuwa mpambe wa Jenerali Celedonio Urriola kwa miaka mingi, vitani, ikulu na hata uhamishoni. Wivu wake naujua kuliko mkewe alivyoujua.

Vita vya kuwang'oa Wahispania tulivimalizia kwenye kilima cha Cerro Pelado. Asubuhi ile Jenerali alikuwa hoi kwa homa, anatetemeka hemani. Aliyewaongoza wapanda farasi na kuteka mizinga ni Kanali Toribio Choque, rafiki yake tangu utotoni. Jenerali akawa rais. Toribio akarudi kijijini kulima viazi.

Mwaka wa tatu tuliadhimisha ushindi mbele ya kanisa kuu. Rais alihutubia, mabega yanang'aa nyuzi za dhahabu, na watu wakapiga makofi ya adabu. Mara Toribio akatokea juu ya nyumbu, kajifunika poncho, lile vazi la blanketi la wakulima, iliyochakaa. Uwanja ukalipuka. Wauza pombe ya mahindi wakaacha mitungi yao.

"Tata Toribio! Baba yetu!"

Rais akaniinamia. "Mimi wananipigia makofi kama wanafukuza kuku. Huyu kawapa nini?"

"Hajawapa kitu, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana inaniuma."

Jioni hiyohiyo alimwita ikulu, akamwambia anamteua mkuu wa ngome ya mpakani, kule kwenye jangwa la chumvi.

Toribio alicheka. "Celedonio, bado unanuna tu? Tangu tukiwa wadogo, nikipata embe, tumbo linakuuma wewe."

"Niite Mheshimiwa Rais."

Kicheko kikakatika. "Haya, Mheshimiwa Rais. Nitakwenda."

Akaenda. Miaka miwili baadaye jeshi la mji mkuu likaasi. Tulitoroka na farasi wawili, na njia pekee iliyokuwa wazi ilipita kwenye ngome ile. Nilidhani Toribio atatufunga pingu. Badala yake alimvua Rais koti, akamvika poncho yake mwenyewe, akatupa supu ya moto ya viazi, kisha akatusindikiza hadi mtoni, ng'ambo yake nchi jirani. Njia nzima wachungaji wa lama, wanyama wa mizigo wa huko, walikuwa wanashuka milimani kumshika Toribio mkono. Rais aliyekuwa kando yake hakuna aliyemtazama.

Tulipovuka, Rais hakuaga. Alikaa juu ya jiwe, maji yanamchuruzika, akaniuliza, "Umeona walivyokuwa wanamsalimia?"

Alikuwa amepoteza nchi nzima, na hilo ndilo lililomliza.

Tuliishi uhamishoni miaka tisa katika vyumba viwili vya kupanga. Toribio aliandika barua nne. Zote Jenerali alizichana bila kuzisoma. Kisha habari zikafika kwamba Toribio amefariki. Aliyezileta aliniambia foleni ya waombolezaji ilijaza bonde zima.

"Walimzika watu wangapi?" Jenerali akaniuliza.

"Wachache, Mheshimiwa. Mvua ilikuwa kubwa."

Kisha akaniomba mkate, na siku hiyo alikula akashiba.