Mtazamaji Msomi Halii

Jumanne, tarehe 9 Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, nami niliomba jambo moja tu: nisilie darasani.

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni ya watu wazima alikuwa ametuonya kwamba atakayelia tukitazama tamthilia atakatwa alama. "Mtazamaji msomi halii," alisema. "Anachambua."

Tamthilia yenyewe ya runinga ilitoka ng'ambo. Bibi harusi alikuwa anaolewa na mtu aliyemuua baba yake, naye hajui. Niliandika "uwakilishi wa mwanamke," kisha machozi yakanilenga, na sala ikanitoka kwa sauti: "Ee Mungu, mfumbue macho!"

"Mama, yule ni mwigizaji!" mwalimu alifoka. "Analipwa!"

Umeme ukakatika, bwana harusi ameshika pete. Gizani tulisikia mtu akipenga kamasi kwenye meza ya mwalimu.

"Mwalimu, ndiyo unachambua hivyo?" mwenzetu mmoja, fundi cherehani, aliuliza kutoka nyuma. Tulicheka mpaka madawati yakatikisika.

Taa ziliporudi, mwalimu alisimama, macho mekundu. "Mama, endelea kumwombea," alisema. "Na ninyi wote ni mashahidi: naahidi sitamkata mtu alama kwa kulia."