Shati Ambalo Dobi Hakulifua

Dobi alikuwa na ugomvi na madoa, tena si ugomvi wa mchezo. Ungeweza kukaa naye mkizungumza habari za maana kabisa, za msiba au za posa, mara ukaona macho yake yamehama usoni pako na kutua kifuani, penye tone la chai ulilojimwagia asubuhi. Hapo ujue hakusikii tena. Mtoto wake wa pekee alizaliwa na alama nyeusi shavuni, ndogo tu, naye akampa jina la Kidoti. Kila mteja aliyeingia dukani ilimlazimu kusikiliza kichekesho kilekile: "Hili ndilo doa pekee lililonishinda." Wateja walicheka. Wangefanyaje, na mashati yao yako mikononi mwake?

Siku hizi amezeeka, kazi zinafanywa na mashine, na Kidoti ana watoto wake. Lakini mtajie neno "rojo" uone. Atacheka peke yake, kisha ataanza: "Enzi zile, Kidoti ana miaka minne..." Na ukishakaa kitini huondoki mpaka amalize.

Enzi zile mke wa dobi alikuwa amefariki, inakaribia miaka miwili. Alikuwa karani, mwanamke wa vicheko, na homa ilimchukua kwa siku tano tu. Nguo zake ziligawiwa ndugu na majirani. Dobi alizifua zote kwanza, akazipiga pasi moja moja, akazikunja, wala hakutaka mtu amsaidie. Akabakiza moja: shati la kazini, rangi ya buluu iliyopauka, alilolivaa siku moja kabla ya kuugua. Hilo hakulifua. Hebu fikiria, mtu aliyekuwa akifua hata kamba za viatu! Alilifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaliweka ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Akizidiwa na upweke alifunga mlango wa chumba, akalitoa, akazika uso humo. Mkewe alikuwamo: mafuta ya nywele, poda, na jasho kidogo la mtu aliyerudi kazini kwa miguu. Alivuta pumzi mbili tu akafunga mfuko haraka, maana aliona kila pumzi inaipunguza ile harufu. Siku ambayo angefungua asikute kitu, hiyo ndiyo aliyoiogopa kuliko kitu chochote duniani.

Kidoti hakuambiwa lolote. Alikuwa na miaka miwili tu mama yake alipoondoka, na dobi aliamini hakumbuki kitu. Hilo nalo lilimuuma kivyake.

Dada yake dobi alikuja baada ya msiba kumsaidia kulea. Alikuwa mchapakazi, ufagio haumtoki mkononi. Lakini alipopata kazi ya kushona, ikabidi mtoto apelekwe kwa Bi Rojo, nyumba ya tatu kutoka dukani.

Bi Rojo alilea watoto wa watu sebuleni mwake. Makochi aliyatoa zamani, akatandika mkeka wa plastiki ukuta kwa ukuta. Jina alipewa na watoto wenyewe, kwa sababu ya rojo alilopika kila Jumatatu: unga wa ngano, maji, na chumvi lisivunde upesi. Aliligawa kwenye mabakuli, akalitia manjano ya jikoni, mkaa uliosagwa, majani yaliyopondwa, maji mekundu ya bitiruti. Watoto walilipaka kwenye magazeti, sakafuni, matumboni. Mmoja alitaka vijiko vitatu, mwenzake akapiga kelele kwamba hivyo ni vinne, basi wakahesabu upya, wakapigana, wakapatana. Walijifunza kwamba maji hayapandi juu hata uyabembeleze vipi. Na mtoto akirudi nyumbani msafi, Bi Rojo aliomba radhi mlangoni. "Nisamehe, mama fulani. Leo wako hakufanya kitu."

Sasa ona mateso ya dobi! Siku ya kwanza alichungulia, akaona viganja vya rangi vimejaa ukutani mpaka usawa wa kiuno, nusura ageuze na mtoto wake. Ila hakuwa na pengine pa kumpeleka.

Kumbe alikuwa anahofia bure. Mwezi mzima Kidoti alikaa kizingitini, begi mgongoni, mikono mapajani, hagusi rojo wala hamgusi mtu. Hakulia. Alisubiri tu, na ukimwuliza anasubiri nini, alitazama barabarani. Jioni Bi Rojo alimkabidhi na gauni lake likiwa jeupe vilevile. "Nisamehe, baba Kidoti." Siku ya kwanza dobi alifurahi. Wiki ya tatu, mtu yule aliyewapenda wasafi kuliko ndugu zake, alianza kuuchukia weupe wa gauni lile.

Halafu, ghafla, mtoto akafunguka. Jioni moja alitoka kwa Bi Rojo mbio, unga masikioni, bitiruti kwenye nyusi, anasema na kabla hajamaliza anaanza jingine. "Baba! Unajua nyekundu na manjano zikigombana inatoka nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Rangi ya chungwa! Haziachani tena!"

Nyumbani akahesabu vifungo vyote vya mashati ya wateja, akafika kumi na tatu, akapotea, akaanza upya. Dobi alimtia kwenye beseni, akamsugua huku anapiga mluzi, na ule mluzi ulikuwa haujasikika nyumba ile tangu msiba. Hakuuliza kilichotokea. Ukipewa raha ambayo hukuitarajia, huanzi kuihoji. Na kazi nazo zilimwelemea: shule zilikuwa zinafunguliwa, sare zimerundikana mpaka dirishani. Zikapita wiki mbili hajapata nafasi ya kufungua sanduku.

Siku ya kutimia miaka miwili ya msiba alifunga duka adhuhuri. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akavuta sanduku uvunguni.

Mfuko ulikuwamo. Shati halimo.

Alitoa kila kitu, akatikisa kila kitu, akachungulia uvunguni kwa kurunzi. Akatoka nje, akamkuta dada yake amerudi anachambua mboga.

"Shati la buluu liko wapi?"

"Lipi, kaka? Lile chafu?"

"Liko wapi?"

"Si lile la kuchezea! Bi Rojo alitaka kila mtoto aje na shati kuukuu la mtu mzima, la kuchafulia. Sasa nyumba yenyewe hii, kila nguo unayoishika ni ya mteja au imeshapigwa pasi. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeingia uvunguni akalitoa, akaniambia anataka hilo. Nikaliangalia, nikaona halijafuliwa." Dada aliacha kuchambua, uso wa kaka yake ulikuwa umebadilika. "Kaka, nyumba ya dobi, nguo isiyofuliwa si tambara hiyo?"

Dobi alishatoka, malapa yanapiga lami.

Aliingia kwa Bi Rojo bila hodi. Watoto walikuwa wamechuchumaa kulizunguka beseni kubwa, na Kidoti katikati yao, mikono imezama mpaka kwenye viwiko, anatoa amri. Shati lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Mikono mirefu ya shati ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa vibanio vya kuanikia. Mbele palijaa viganja, vidole, na michirizi ya kila rangi. Hata katika hasira zile jicho la dobi lilifanya kazi yake: bitiruti, ngumu; manjano, haitoki; mkaa, labda. Lakini kutoa doa ni kufua, na kufua ni kuipoteza ile harufu. Alinaswa pande zote mbili.

"Nani kawaruhusu?" alifoka. "Nauliza, nani kawaruhusu?"

Mtoto mdogo kuliko wote akaangua kilio. Bi Rojo alikuja anafuta mikono kwenye aproni.

"Baba Kidoti, kaa kwanza."

"Sikai! Mtoto wangu namtoa leo hii, harudi tena. Shati hilo ni la mke wangu! Miaka miwili sijalifua. Unajua kwa nini sijalifua?"

Bi Rojo aliweka kiganja mdomoni. Alijua, alikuwa mjane naye. "Masikini, laiti ningeambiwa," alisema taratibu.

Dobi alikuwa ameshafika kwa mwanawe. Kidoti alinyoosha mikono juu bila ubishi, na shati likavuliwa. Dobi akazika uso kifuani mwa shati, palepale alipozoea. Unga uliochacha. Majani. Mkaa. Akageuza upande, akanusa mkono, akanusa mgongo. Rojo tupu. Akaketi, na alipoketi palikuwa katikati ya dimbwi la manjano, wala hakujali.

"Limekwisha," alisema. "Mama yako amekwisha."

Watoto walikuwa hawajawahi kumwona baba wa mtu analia, tena amekalia rangi.

Kidoti alisimama mbele yake na chupi yake tu, amemkodolea macho.

"Baba, siyo hapo."

Dobi hakumsikia. Mtoto akanyoosha mkono kulichukua shati, akasita, akaitazama mikono yake. Akajifuta tumboni, kiganja kwa kiganja, mbele na nyuma, hata katikati ya vidole. Ndipo akaishika kola kwa ncha za vidole viwili na kuigeuza. Ilikuwa imekunjwa kwa ndani. Alipoinyoosha, ilikuwa buluu ileile, haina hata alama moja.

"Ni huku. Huku mimi sipaki."

"Haa! Kumbe!" alisema Bi Rojo. "Kila asubuhi lazima aninyooshee shingo: kunja ndani, Bi Rojo, kunja ndani. Nikajua inamkwaruza tu. Na kabla hajagusa rojo anaivuta puani kwanza. Siku ya kwanza aliyolivaa ndiyo siku aliyotoka pale mlangoni. Mimi nikasema kila mtoto na vituko vyake."

Dobi alimshika mwanawe mabega. "Nani alikwambia ni la mama?"

Kidoti alishangaa swali lenyewe. "Hakuna."

"Sasa ulijuaje?"

"Si nililala hapo?" Akapanda mapajani mwa baba yake, akalaza shavu lenye kidoti penye bega lake, pua shingoni, namna mtoto mchanga anavyobebwa akisinzia. "Hivi. Mama alikuwa anaimba, mimi nalala hapa."

Miaka miwili alikuwa amejifungia chumbani na marehemu wake, akidhani yeye ndiye peke yake aliyebaki naye, na kumbe upande wa pili wa mlango alikuwapo mwenzake wa kimo cha meza, anamtafuta mtu yuleyule. Ilimuuma, ikamfariji, vyote pamoja. Aliinama akanusa kola. Yale mafuta ya nywele yalikuwapo, membamba, lakini yalikuwapo. Dobi gani asiyejua kwamba kola ndiyo inayoshika mafuta kuliko sehemu yoyote ya shati? Yeye alijua, kwa mashati ya watu.

Akamvisha Kidoti tena, akamfunga vifungo, akakunja kola ndani mwenyewe. Kisha akawaomba watoto radhi, mmoja mmoja, pamoja na yule mdogo aliyekuwa bado anapiga kwikwi. Alirudi dukani na makalio ya manjano, akafungua, akawahudumia watu vilevile.

Tangu hapo wakawa wanainusa ile kola wawili. Kila asubuhi mlangoni kwa Bi Rojo, baba kwanza, mtoto baadaye, kisha kila mmoja na kazi yake. Hakuna aliyehesabu pumzi. Jioni dobi aliuliza wamepika rangi gani, na alianza kumsimulia habari za mama yake: alivyopenda kuchelewa, alivyocheka akishika tumbo, wimbo aliouimba, ingawa dobi aliuimba vibaya na Kidoti akamsahihisha.

Ilikwisha mwaka uliofuata, wiki ambayo Kidoti alikuwa anaaga kwa Bi Rojo kwenda shule ya awali. Dobi alinusa. Akadhani ni mafua. Akampa mtoto. Kidoti alivuta pumzi ndefu, akavuta nyingine, akageuza upande wa pili wa kola akajaribu tena.

"Hayupo," alisema.

"Hayupo," alisema dobi.

Walikaa pale kizingitini, bega kwa bega. Kidoti alilia kidogo, baba akalia zaidi, na Bi Rojo aliwazuia watoto wasije kuuliza maswali. Ile siku aliyoiogopa kuliko zote ilikuwa imefika, na haikuwa vile alivyoidhania, kwa sababu kulikuwa na mkono mdogo ndani ya mkono wake.

Baadaye Kidoti akajifuta pua, akaitazama ile kola safi, akamtazama baba yake.

"Sasa naweza kupaka na hapa?"

"Paka, mwanangu," dobi akasema, na akavuta bakuli la bitiruti karibu. "Ila na mimi niachie upande mmoja."