Kitambaa cha Mahameli Dirishani

Fundi makochi alikuwa anapigilia msumari wa mwisho kwenye mguu wa kiti alipomwambia dada yake, bila kuinua macho, "Dada, siku nikianguka ghafla, huyu paka..."

"Hebu acha uchuro wewe!" Dada mtu alikuwa anafagia vumbi la sponji chini ya cherehani. "Maneno huumba. Na hata ukianguka, nitashughulika na wewe au na paka?"

"Ndiyo maana nataka kukwambia. Kile kitambaa cha dirishani..."

"Sogeza mguu nifagie."

Akasogeza mguu. Paka naye, mzee wa rangi ya majivu, akaukimbia ufagio na kujificha. Jina lake Wakala. Watu wa mtaani ndio waliompa kwa mzaha: fundi anatengeneza makochi, paka anayararua, bila shaka wanagawana faida. Dada mtu hakumchukia. Alipenda nyumba safi tu, na paka ana manyoya.

Mazungumzo yakaishia hapo, kwenye mguu uliosogezwa. Fundi hakuwa mtu wa kubishana. Mpango wake aliupanga na Dobi, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye meza yake ya kupigia pasi ilitazamana na dirisha la fundi. Walikubaliana hivi: kila asubuhi fundi atatundika kipande cha mahameli nyekundu kwenye nondo za dirisha, na jioni atakitoa. Asubuhi ambayo Dobi ataona nondo tupu, ajue kuna jambo. Achukue ufunguo aliopewa, aingie, na kama fundi hayupo, amchukue Wakala akae naye.

"Na ukisahau tu kukitundika?" Dobi aliuliza.

"Utanikuta nakunywa chai. Tutakunywa wote."

"Basi uwe unasahau sahau."

Fundi akaanguka kweli, jioni moja, akiwa dukani anachagua sponji. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito kama gunia lililolowa maji. Waliomfikisha hospitali walimpigia dada yake simu. Akaenda mbio, akakaa naye mpaka alipopata usingizi, kisha akachukua ufunguo mfukoni mwa suruali ya mgonjwa na kupitia nyumbani kumtafutia shuka na nguo.

Huko alifanya kila kitu kwa nia njema. Alifagia. Aliosha vyombo, na bakuli la maji la paka pia, akalipindua kwenye kichanja likauke. Alimwita paka mara moja, ufagio mkononi, hakuona kitu, akasema moyoni kwamba paka hakosi pa kulala. Akafunga madirisha yote, likabaki moja. Hapo ndipo alipokiona kile kitambaa chekundu juu ya cherehani. Siku zote alizokuja mchana alikikuta kikining'inia nje. Dirisha lisilo na kitu, aliwaza, huwaambia wezi kwamba mwenye nyumba hayupo. Akakitundika kwenye nondo, akakinyoosha mikunjo, akafunga na dirisha lile.

Asubuhi Dobi alitia pasi yake moto, akatazama ng'ambo, akakiona kitambaa. Akaendelea na mashati ya watu. Kesho yake vilevile. Alishangaa kidogo kutosikia nyundo, lakini fundi alikuwa na kawaida ya kwenda majumbani kwa wateja wenye makochi yasiyopita mlangoni. Usiku ule mvua ikanyesha. Kulipokucha kitambaa kilikuwa chepechepe, kinachuruzisha wekundu ukutani, na Dobi akaweka pasi chini. Fundi huyu kitambaa hukitoa kila jioni, na mahameli yake huilinda hata na jua. Leo aiache inyeshewe?

Dada mtu alipofika mchana kuchukua nguo nyingine, alimkuta Dobi ameketi kizingitini, taulo mapajani.

"Dada, fundi yuko wapi?"

"Hospitali, kaka. Kiharusi. Ila anaendelea, leo ameniminya mkono." Akalitazama taulo. "Huyo ni..."

"Alikuwa ndani ya lile kochi lililofumuliwa, tumboni kabisa. Bakuli lake sikuliona." Dobi alifunika vizuri kichwa cha majivu kilichochomoza. "Mimi na huyu hatujawahi kupatana. Mashati meupe yote ya mtaa huu ameyalalia. Leo nimembeba, hata kucha hakutoa." Akatazama dirishani. "Kitambaa alitundika nani?"

"Mimi. Kwa sababu ya wezi."

"Fundi hakukwambia?"

"Alianza," alisema.

Dobi hakumlaumu. Angemlaumu ingekuwa nafuu.

Walimpeleka Wakala kwa daktari wa mifugo. Dada mtu alimbeba mwenyewe, manyoya yakaganda kwenye gauni lake, hakuyakung'uta. Daktari alimtundikia dripu, akasema mwili ni wa mzee na figo zimechoka. Paka hakuiona asubuhi.

Ulimi wa fundi ulipoanza kurejea, dada yake alimweleza. Hakuficha kitu: bakuli, madirisha, kitambaa, dripu, kifo. Fundi alitazama dari. Baadaye akageuza shingo taratibu.

"Dada," alisema. Kila neno alilichomoa kama msumari uliopinda. "Siku... nikianguka..."

Dobi alikwisha kumsimulia yote yaliyobaki. Dada mtu angeweza kumpunguzia mgonjwa taabu, akammalizia. Hakummalizia. Alivuta kiti karibu.

"Kitambaa... kisipoonekana... Dobi ana ufunguo."

"Ndiyo, mdogo wangu. Nasikiliza."

"Maji yake... ya bomba. Ya ndoo hanywi."

"Ya bomba."

Fundi alipumzika, akapumua, akakusanya nguvu za kumaliza.

"Na ukimwita," alisema, "usishike ufagio."