Mlo wa Kabla ya Jembe

Safina akiamua jambo, limeamuliwa. Siku waliyotoka kliniki na mumewe Asadi, daktari akiwa amewaambia kwamba kwa Asadi sukari imeshafika mlangoni na kama uzito haushuki itaingia ndani, hakulia wala hakununa. Alipita sokoni akanunua changu watatu, mayai na mafungu mawili ya mchicha. Alipofika nyumbani alilivuta debe la unga wa muhogo kutoka uvunguni, akamwita jirani wa ng'ambo ya njia, akamgawia. Debe zima! Asadi alisimama mlangoni akilitazama linavyoondoka, uso umemshuka.

"Sasa mimi nitakula nini?" aliuliza.

"Utakula walichokula watu kabla ya jembe."

Maneno hayo hakuyatunga yeye. Yalikuwa ya Mwalimu Doris, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mwenyeji wa Moshi aliyeletwa Mtwara kufundisha historia sekondari. Doris alikuwa na mwaka wa pili akila hivyo: samaki, nyama, mayai, majani, matunda, mizizi ya porini, nazi na korosho kidogo. Ugali hapana, wali hapana, maandazi na chapati hapana, sukari ndiyo kabisa, hata maharage na maziwa yalikatwa, kwa sababu vyote hivyo, alisema, vilikuja binadamu alipoanza kulima na kufuga. Daktari naye, alipoulizwa, alisema habari za watu wa kale hazijui, ila Asadi akipunguza wanga na kuacha sukari yeye hana ugomvi, mradi kliniki aje.

Safina alimuuliza Doris swali moja tu. "Na hao watu wa kale walikuwa wanashiba?"

"Wasingeshiba, mimi na wewe tungekuwepo hapa?" Doris alijibu. Safina aliridhika.

Msimwone mkali bure. Miaka sita nyuma alimzika baba yake kule Kitaya, na aliyemuua ni sukari hiyohiyo. Mzee aliambiwa maneno haya haya akiwa bado mzima, anapiga jembe kwenye mashamba ya mpunga kando ya Ruvuma. Akarudi nyumbani, akaendelea na ugali wake asubuhi, mchana na jioni, na chai ya vijiko vinne. Kikaja kidonda kisichopona, ukaenda mguu, yakafuata macho. Miezi mitano Safina alikosha kile kidonda kwa mikono yake. Sasa Asadi ana miaka arobaini na minne na ameambiwa yaleyale. Safina alijiapia kwamba hatakosha kidonda kingine, na mtu atakayesimama kati yake na kiapo hicho atajuta.

Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mama lishe. Kila mchana, karibu na geti la bandari, aliwasongea ugali wapakuaji wa mizigo zaidi ya arobaini, na sifa ya ugali wa Safina ilijulikana mpaka Mikindani. Halafu jioni, nyumbani kwake, mwiko haukuguswa. Watu wakacheka weee! Kwenye ghala la korosho alikoendesha forklifti ya kunyanyulia magunia, Asadi akabatizwa Mtu wa Pango. "Pango, leo umewinda nini?" wenzake walimuuliza kila mapumziko. Alikuwa akifunua bakuli lake, anawaonyesha pweza wa nazi, wanameza mate, wanaendelea kucheka.

Wiki ya kwanza alikuwa wa kuhurumiwa. Kichwa kilimuuma, hasira zilimpanda, alizunguka uani amenyong'onyea kama kuku aliyenyeshewa. Alikula changu wawili, mayai matatu na sufuria nzima ya kisamvu, akajifuta mdomo, akasema: "Sijala leo."

"Na hiyo mifupa nani kaiacha hapo, paka?" Safina alimjibu.

Sheria ilikuwa moja, na haikuwa ya Doris, ilikuwa ya Safina: hata tonge moja hapana. Alimjua mumewe. Asadi alikuwa ameacha sigara mara nne, na mara zote nne ilirudi kwa mvuto mmoja tu wa kuonja. Yeye si mtu wa kuonja. Akionja jioni, asubuhi utamkuta kwenye foleni ya maandazi. Hata mwenyewe alilijua hilo, na ndiyo maana alikubali kuongozwa.

Mwezi wa tatu mkanda wake ukatobolewa matundu mawili mapya. Kliniki wakapima, namba ikawa imeshuka, daktari akaitazama mara mbili. "Endeleeni hivyohivyo," alisema. Safina alirudi anatembea katikati ya barabara kana kwamba mtaa mzima kapewa yeye. Furaha ilimjaa mpaka akasahau kwamba duniani kuna watu wengine, tena ndugu zake.

Kosa alilifanya kule Nanyamba. Mtoto wa binamu yake alikuwa anatoka jandoni, na ukoo wote ulikusanyika, ngoma, vigelegele, masufuria ya kubebwa na watu wawili. Safina, kwa akili zake, alimfungia Asadi bakuli la mfuniko: jodari wa kuchoma, ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi myembamba inayochimbwa porini, na kiganja cha korosho. Halafu, kwa kuwa yeye ni binti wa nyumba, akapewa sinia awapelekee wanaume. Akaenda. Akaweka ugali mbele ya wajomba zake, na sahani moja akaiweka mbele ya mumewe. Asadi, mtu wa kutii sheria, akaisukuma ile sahani kando kwa mgongo wa mkono, akafunua bakuli lake, akaanza kutafuna ming'oko.

Wajomba wakaacha kula. Jamani, kwa watu wale mwanamume hasemi kwa mdomo kwamba binti yenu nimemchoka. Husukuma ugali wa mkewe mbele ya mjomba wa mke, basi, ujumbe umefika. Safina alilijua jambo hilo tangu hajaota meno ya ukubwani. Lakini alipoona sahani imesukumwa, alichofikiria ni kimoja tu: amejizuia, mume wangu! Akatabasamu kule jikoni, bwege yule, tena akampungia mkono.

Siku tisa baadaye, Ijumaa, watu wametoka msikitini, mama yake akaingia uani akitokea Kitaya. Bi Tabu alikuwa mwembamba, mkavu, haongei ovyo. Kichwani alikuwa na kiroba cha unga, na kwapani amebana mifuko miwili mitupu. Nyuma yake alikuja kaka yake, Mjomba Faraji, mkubwa wa ukoo, ambaye neno lake ndilo lililomwoza Safina na ndilo lingeweza kumrudisha.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba. Mbona ghafla? Na hiyo mifuko ya nini?"

"Ya vyombo vyako," Bi Tabu alisema. "Nimekuja kukuchukua."

Safina alicheka. Akaona anacheka peke yake, akawakaribisha ndani.

Wakakaa sebuleni, wanaume kwenye viti, Bi Tabu kwenye mkeka, amempa mkwe wake ubavu kama alivyofanya siku zote tangu ndoa, kwa heshima. Mjomba Faraji alikohoa. "Asadi, sisi hatuna ugomvi na wewe. Mke ukimchoka, kuna njia. Unatuita, tunakaa, tunazungumza. Lakini kuusukuma ugali wake mbele yangu, mbele ya wageni wa jando, ukatoa chakula mfukoni kama msafiri? Kitaya nzima inasema mwanetu ameachwa na hajijui."

Asadi alishika kichwa. "Lahaula! Mjomba, mimi nimuache Safina? Nitaishi wapi? Ule ni mlo tu. Ni sukari, mjomba. Namfuata yeye mwenyewe!" Akaeleza, maskini, kuhusu daktari, kuhusu watu wa kale, kuhusu mwalimu wa Moshi, na kila alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo wa mtu aliyebanwa.

"Mlo gani huo unaomtenga mtu na mkewe?" Mjomba alisema. "Ming'oko ni ya kutafuna njiani. Mume halazwi na ming'oko."

Bi Tabu hakubishana. Aliinuka na kiroba chake akaenda jikoni. Wakasikia anachochea moto, wakasikia maji yanachemka, kisha mwiko. Alirudi na sahani imefunikwa kawa, na bakuli la mchuzi wa kamba. Akapiga magoti mbele ya mkwe wake, yeye ambaye kwa miaka kumi na tano hakuwahi kumtazama usoni, akamimina maji ya jagi amnawishe.

"Mkwe wangu," alisema, "kama binti yangu unamtaka, kula. Tonge moja tu, mjomba wake aone. Nitaichukua mifuko yangu nirudi nayo mitupu, na mdomo wa watu utafungwa."

Asadi alimtazama Safina. Utamkatalia vipi mama mkwe aliyekupigia magoti? Akanyoosha mkono, akamega.

Safina aliichukua sahani. Hakuipokonya kwa fujo, aliinyanyua tu, akaiweka juu ya kabati.

"Hali," alisema. "Rudisha hilo tonge, Asadi."

"Safina!" Mjomba aling'aka. "Unamnyima mumeo chakula alichopikiwa na mama yako?"

"Namnyima, mjomba. Kwa huyu tonge moja si tonge moja. Mnamwona anataka kula? Anakula kwa ajili yangu, ili nisiaibike. Sasa mimi nasema afadhali niaibike. Nipakieni vyombo vyangu, nirudi Kitaya niitwe mwanamke aliyeachwa, watu wacheke mpaka wachoke. Lakini huyu abaki na miguu yake miwili na macho yake. Mimi sikoshi kidonda tena. Sikoshi!"

Bi Tabu alikuwa bado amepiga magoti, jagi mkononi.

"Baba yako alikuwa ananiomba," alisema taratibu.

Akalishika jagi kwa mikono miwili.

"Amelala pale, mguu hakuna, haoni, ananiambia Tabu, nisongee ugali kidogo. Tabu, hii chai mbona haina sukari, umenichoka? Ningemwambia nini? Nikamsongea. Nikamtilia sukari. Kila siku." Hakulia. "Miezi mitatu hii nasikia habari za mlo wako, namwambia kila mtu mwanangu amerogwa na mwalimu. Kwa sababu kama huu mlo wako ni kweli, Safina, basi mimi nilimfanya nini baba yako? Sema wewe, wewe si unajua kila kitu? Nilimuua?"

Moyo ulimuuma Safina, ukamuuma hasa, maana alijiona siku zile amebeba beseni la maji ya chumvi, mdomo kaufunga. Akaja akakaa chini mkekani, magoti yao yakagusana.

"Hukumuua, mama. Sukari ilimuua. Wewe ulimpa alichokuomba, kwa sababu ulimpenda. Na mimi nilikuwepo siku ile hospitali. Daktari alimweleza baba mbele yangu, nikasikia kila neno. Nikarudi nikakuona unasonga, nikanyamaza. Nilisema, nitamfundisha vipi mama yangu kupika? Ukali wote huu nilionao, sikuutoa siku ile. Kwa hiyo kama kuna kosa, si lako peke yako. Ni letu, mama."

Bi Tabu aliweka jagi chini. Kisha akainuka, akaishusha ile sahani kutoka kabatini, akaipeleka mbele ya kaka yake.

"Wewe kula, kaka. Umetembea sana na njaa unayo."

Akamgeukia mkwe wake. Safari hii alimtazama usoni.

"Vua viatu."

"Mama?"

"Vua viatu, na soksi."

Asadi akavua, amechanganyikiwa. Bi Tabu akachuchumaa, akaushika mguu wa kulia wa mkwe wake, jambo ambalo mama mkwe hafanyi, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akapitisha kidole gumba unyayoni. Akatenganisha vidole kimoja kimoja, akachungulia katikati, akabonyeza kisigino. Akafanya hivyo hivyo kwa wa kushoto. Alijua anachokitafuta. Mikono yake ilikijua kuliko macho, na hakukikuta.

"Mizima," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, mengi, akayaacha yatiririke bila kuyafuta.

Mjomba Faraji alikuwa na tonge mkononi, hajui alipeleke mdomoni au alirudishe.

"Kula, Faraji," Bi Tabu alimwambia, bado ameshika mguu. "Ule ushibe. Halafu ukifika Kitaya uwaambie mkwe wetu ugali hali, wa mkewe hali, hata wangu hali. Atakayemwekea sahani mbele yake, aje kwangu kwanza."