Mkate wa Ergash

Siku Ergash alipoondoka kijijini kwao Boysun kwenda Urusi kujenga maghorofa ya watu, mama yake, Bi Zulayho, alimpa mkate uliotoka tanurini sasa hivi akamwambia aung'ate. Aliung'ata mara moja, akapanda gari huku anatafuna. Uliobaki, mama akautia uzi na kuutundika kwenye msumari juu ya sanduku la nguo, maana kwao anayesafiri huacha mkate wake hapo ili arudi kuumalizia.

Ukakaa miaka minne. Ulikauka ukawa mgumu kama kigae, lakini alama za meno zilionekana vizuri, pamoja na lile pengo la jino alilolivunja utotoni kwa kupasua kokwa la aprikoti. Kila alipopiga simu alisema, "Mwakani, Mama." Bi Zulayho alikuwa ameshamchoka huyo Mwakani, maana haji na wala hatoi udhuru.

Kiangazi hicho wakaja wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Tashkent, kujitolea mwezi mzima vijijini. Wengine walifundisha watoto kompyuta, wengine walipaka chokaa nyumba za wazee wanaoishi peke yao. Bi Zulayho akapewa Violeta Pak, binti wa Wakorea wa huko Tashkent, anayesomea ufamasia.

"Umewahi kupaka chokaa, binti?"

"Nimewahi kupaka kucha, Bibi."

Bi Zulayho akampenda pale pale.

Siku ya tatu bibi alikwenda kwa jirani yake Muqaddas kuoka mikate. Aliporudi na kapu lake kichwani, chumba kilikuwa cheupe kama maziwa. Akazunguka akisifu kila ukuta, mpaka akafika kwenye sanduku. Msumari ulikuwa mtupu.

"Kilichokuwa hapa kiko wapi?"

"Ule mkate mkavu? Sikuutupa, Bibi, najua mkate hautupwi," Violeta akasema, na alisema kwa fahari. "Niliuloweka nikampa ng'ombe wa Bi Muqaddas. Kaupenda kweli."

Bi Zulayho akaketi juu ya sanduku. Alipopata pumzi akamweleza ulikuwa mkate wa nani na ulikuwa unangoja nini. Violeta akabadilika rangi, ungemweka ukutani usingemwona.

"Ina maana hatarudi, Bibi? Kwa sababu yangu?"

Maneno ya kumjibu yalikuwa tayari, na Bi Zulayho hajawahi kupungukiwa na maneno. Ila macho yake yakaangukia mikono ya yule binti. Chokaa ilikuwa imemla mpaka viganja vimechubuka, na siku zote tatu hakusema. Bibi akawaza: huyu mtoto wa watu, hajui hata jina la baba yangu, anachubuka kwa ajili ya kuta zangu. Na wangu yuko anawajengea wengine.

"Toa simu," akasema. "Nipigie ile yenye sura."

Ergash akatokea na kofia yake ya kazini. "Mama, kuna nini? Mbona nyumba imekuwa nyeupe hivyo?"

"Mkate wako umeliwa."

"Na nani?"

"Ng'ombe wa Muqaddas. Kaumaliza wote, hakubakisha. Kwa hiyo anayepaswa kurudi hapa sasa ni yeye, na kusema kweli kila jioni anarudi. Nafikiria nimpe chumba chako."

Ergash akacheka sana. Kisha akaacha, akaomba aonyeshwe. Violeta akaigeuza simu kwenye msumari. Ergash akaivua ile kofia, nyuma yake mashine ya kukorogea zege ikinguruma.

"Mama, kila nikisema mwakani, nilikuwa najua mkate upo pale unaningoja."

"Ndiyo maana hukuwa na haraka."

"Na sasa haupo."

"Haupo. Nimebaki mimi, na mimi sitakaa miaka minne kwenye msumari."

Alifika wiki mbili baadaye, sanduku moja mkononi na mapengo mawili mdomoni. Hata chai hakungoja. Alichukua mkate kapuni akala akiwa amesimama chini ya ule msumari, wote, mpaka punje za ufuta zilizomwangukia kifuani. Bi Zulayho akamsogezea kapu lote.

Tangu siku hiyo ng'ombe wa Muqaddas akawa anapelekewa beseni la pumba kila asubuhi. Na Violeta kila jioni alipakwa viganja mafuta ya mkia wa kondoo, yale ya kupikia pilau, akanuka kama pilau ya harusi.

"Huyu ni mfamasia, Mama," Ergash akasema. "Ana dawa zake."

"Akimaliza chuo atanipaka yeye. Wewe lala."

Siku wanafunzi walipoondoka, basi likiwa linapiga honi barabarani, bibi akaja na mkate wa moto kwenye kitambaa.

"Ahsante, mwanangu. Umenichukulia mkate, umeniletea mtoto. Haya, ng'ata. Ila kidogo tu."

"Kwa nini kidogo, Bibi?" Violeta alikuwa anajifuta macho, akasema ni chokaa, ingawa chokaa ilikuwa imekauka zamani.

"Ukichelewa kurudi, ng'ombe naye apate cha kushiba."